Mwambie Asubuhi

Maandiko: 1 Samweli 25:36–38, Mwanzo 9:20–23, Wagalatia 6:1, Matendo 15:36–40

Jumapili tuliendelea na mafundisho yetu juu ya mtu na kazi yake, na kwa wale mliokuwa safarini ama mnadani na ng'ombe, haya ndiyo tuliyojifunza. Nimeongeza mambo ambayo saa haikuruhusu, maana mnajua ibada ya kwanza ikichelewa kuisha, watu wa ibada ya pili wanasimama juani.

Tulimzungumzia kocha wa chuo anayepoteza kazi kwa sababu ya pombe. Baada ya ibada mama mmoja akaniuliza, "Pastor, kwani hapa Bisil tuna makocha wangapi?" Mama, tuko nao. Kila shule ina mwalimu wa michezo, na vijana wetu wakienda chuo Kajiado, Kitengela ama Nairobi, wa kwanza kuwajua kwa majina mara nyingi ni kocha. Anasafiri nao kwa basi, analala nao mahali pa mashindano. Kocha ni mtu anayekabidhiwa watoto wa watu. Na pombe iko karibu na kazi yake kuliko kazi nyingi: timu ikishinda ananunuliwa, ikishindwa anafarijiwa. Kama wewe si kocha, weka hapo dereva, mwalimu, askari, fundi wa umeme. Neno ni lile lile.

Habari niliyoisimulia ni ya Marekani. Huko kuna mpira wao, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, na timu za vyuo vikuu zinajaza viwanja vya watu makumi ya maelfu. Kocha wa chuo kikubwa hulipwa mamilioni ya dola kwa mwaka, kwa hiyo usimfikirie kama mwalimu wetu wa zamu mwenye filimbi shingoni. Desemba 2013, chuo cha University of Southern California, kule Los Angeles, kilimwajiri Steve Sarkisian awe kocha mkuu. Tarehe 22 Agosti 2015, kwenye hafla ya chuo mbele ya wafadhili na mashabiki, alishika kipaza sauti maneno yakiwa yanamkwama mdomoni, akatoa na lugha chafu. Baadaye aliomba radhi, akasema alichanganya pombe na dawa, na akaahidi kutafuta matibabu. Alipoulizwa kama ana tatizo la pombe, alijibu kwamba haamini hivyo, ila matibabu yatamwonyesha. Akaendelea kufundisha timu. Tarehe 11 Oktoba mkurugenzi wa michezo akampa likizo ya lazima. Kesho yake, tarehe 12, akapigwa kalamu.

Hesabu na mimi. Tangu ile hafla hadi siku ya kufutwa ni siku 51.

Watu wengi wakisikia habari kama hii wanakimbilia siku ya mwisho. Alifutwa, alistahili, hakustahili, atalipwa nini. Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwa huduma, na kitu kimoja nilichobaki nacho ni kwamba kampuni haianguki siku ile mlango unafungwa. Ukipekua vitabu vyake utakuta ilianguka miezi mingi nyuma, na kulikuwa na karani aliyeziona namba akanyamaza. Kwa hiyo nikisikia mtu amefutwa kwa ajili ya pombe, swali langu ni hili: katika zile siku 51, ama zile miaka 5, nani alikaa naye chini akamwambia?

Nimepewa ruhusa kuandika habari ya ndugu mmoja, bila jina lake wala la chuo. Alikuwa kocha wa mpira wa wavu katika chuo kimoja, timu yake ikifanya vizuri sana. Alikuwa anapitia baa kabla ya kufika nyumbani, halafu baadaye akawa anapitia kabla ya kufika kazini. Wachezaji walijua, nahodha ndiye alikuwa anaongoza mazoezi ya asubuhi na kumwandikia majina kwenye daftari. Dereva wa basi alijua. Mwenzake ofisini alikuwa anamnunulia peremende. Mke wake alikuwa anaisikiliza pikipiki ikikaribia usiku, na kwa mlio tu anajua kama ni usiku wa kuficha watoto. Siku barua ilipokuja, ndugu huyu aliniambia haikumshtua barua. Kilichomshtua ni watu waliokuja kumpa pole, kila mmoja akisema, "Hata sisi tulijua." Akaniuliza, "Pastor, kama wote walijua, mbona hakuna aliyeniambia?"

Sasa tuingie kwa Neno. Nabali alikuwa tajiri wa mifugo, kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Hapa Matapato tungemwita mzee mwenye boma. Siku ya kukata manyoya akafanya karamu kama ya mfalme, akalewa chakari. Wakati huo mke wake Abigaili ametoka kuiokoa nyumba yote, maana Daudi alikuwa njiani na wanaume 400 wenye panga. Anarudi amebeba habari nzito, anamkuta bwana amelewa. Biblia inasema hakumwambia neno lolote, dogo wala kubwa, mpaka kulipokucha. Asubuhi, divai ikiwa imemtoka, akamwambia yote.

Dada zangu, na ndugu, naomba mliangalie jambo hili taratibu. Usiku alinyamaza, kwa sababu usiku hakukuwa na mtu wa kuambiwa. Ukigombana na mlevi saa sita usiku unagombana na chupa, na chupa ina mikono. Wangapi wameumizwa kwa sababu waliamua kusema ukweli saa mbaya? Lakini kulipokucha hakusema, "Wacha, leo ameamka vizuri, nisiharibu siku." Hapo ndipo sisi wengi tunaanguka. Asubuhi mzee ameamka, ana aibu, anachota maji mwenyewe, ananunua hata nyama. Sisi tunaogopa kuiharibu ile amani ndogo. Tunangoja. Jioni inafika tena.

Na sikudanganyi kwamba ukisema asubuhi mambo yatanyooka. Nabali aliposikia, moyo wake ulikufa ndani, na baada ya siku kama 10 akafa. Abigaili alifanya la haki, na mwisho haukuwa mtamu. Uliyepewa kusema, sema. Lile linalotokea baadaye si mzigo wako wote. Kama nyumbani kwako hata asubuhi kuna kipigo, usiseme ukiwa peke yako. Toka kwanza na watoto, njoo kanisani, nenda kwa wazazi, nenda polisi. Hakuna andiko linalokuamuru ukae upigwe.

Kuna sababu moja inayotunyamazisha kuliko woga, nayo ni mafanikio. Wakenya tunayo historia yake. Henry Rono, kijana wa Nandi, alikwenda kusoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Washington State. Mwaka 1978, kati ya Aprili na Juni, kwa siku 81 tu, alivunja rekodi 4 za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Mwaka huo huo akaleta dhahabu 2 kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton. Olimpiki hakuwahi kukimbia, kwa sababu Kenya ilisusia mwaka 1976 na tena 1980. Pombe ikamshika. Na hapa ndipo penye fundisho: mwaka 1981, tayari akiwa na shida ya kunywa, alirudi akavunja tena rekodi ya mita 5,000 kule Norway.

Niambie, nani angemketisha chini mtu aliyevunja rekodi ya dunia? Saa inasema yuko sawa, pesa zinasema yuko sawa. Kocha timu yake ikishinda, mwalimu darasa lake likipita, mfanyabiashara ng'ombe wake wakifika Nairobi salama, sisi tunasema, "Anakunywa lakini anafanya kazi." Hiyo "lakini" imezika watu. Rono alikuja kulala katika makao ya watu wasio na nyumba Marekani, akaosha magari, akabeba mizigo ya wasafiri uwanja wa ndege, akaingia matibabu na kutoka, akaingia tena. Namshukuru Mungu habari yake haikuishia hapo. Aliacha kunywa, akafundisha na kuwanoa wanariadha vijana kule Albuquerque, akaandika kitabu cha maisha yake, akarudi nyumbani Kenya mwaka 2019, na akafariki Februari 2024 akiwa na miaka 72. Lakini ile miaka ya katikati, nani atamrudishia?

Mtu mmoja aliniambia kunyamaza ni kumfunikia mwenzako aibu, kama wana wa Nuhu. Basi tusome vizuri. Nuhu alilewa akalala uchi hemani. Hamu aliona, akatoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wakachukua nguo, wakaitandaza mabegani, wakatembea kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Tazama kwamba Shemu na Yafethi waliingia hemani. Walikwenda alipo. Sisi hatumfuniki Nuhu, tunafunika hema. Nahodha anayeandika majina daftarini kwa niaba ya kocha hajamfunika kocha uchi wake, amemnunulia usiku mwingine wa kunywa. Mke anayepiga simu kazini kusema baba watoto ana malaria, kila mwezi malaria, ni vile vile. Ninajua anafanya kwa ajili ya karo, simhukumu. Na Hamu wa siku hizi anajulikana: ni yule anayepiga picha mtu amelala mtaroni halafu anatuma kwa kikundi cha simu, hata kikundi cha maombi, akiandika "tumwombee". Kufunika ni kumlinda mtu asidharauliwe huku unamkabili na jambo lake. Paulo anawaambia Wagalatia kwamba mtu akighafilika katika kosa, walio wa Roho wamrejeze kwa upole, kila mmoja akijiangalia nafsi yake. Huwezi kumrejeza mtu ambaye hujakubali kwamba ametoka njiani.

Niseme na waajiri, maana wako kati yetu: wenye shule, wenye magari, wenye maduka ya jumla, na wazee wa bodi. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inakuruhusu kumfuta mtu papo hapo akilewa saa za kazi hadi asiweze kuifanya kazi yake. Sheria iko upande wako. Lakini kifungu cha 41 kinakutaka kwanza umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake ama mwakilishi wa chama anayemchagua yeye, na usikilize wanavyojibu. Soma vizuri, ndugu yangu: lugha anayoielewa, shahidi, kusikilizwa. Wabunge hawakuwa wanahubiri, lakini mimi naona upole wa Wagalatia umeingia katika sheria ya serikali. Usimfute mtu kwa ujumbe wa simu saa tatu usiku. Sarkisian aliishtaki USC Desemba 2015 akidai dola zisizopungua milioni 30, akisema pombe ni ugonjwa na kwamba walimfuta badala ya kumwacha atibiwe. Shauri lilipelekwa kwa msuluhishi, na mwaka 2018 chuo kikashinda. Kwa hiyo usidanganyike pia, wewe unayekunywa, kwamba kuitwa mgonjwa kutakulinda kazini. Watoto waliokabidhiwa kwako nao wana haki. Haruni na wanawe, katika Mambo ya Walawi 10, walikatazwa kabisa divai wanapoingia kwa huduma. Baba wa mchezaji akiniuliza kama kocha mlevi aendelee kuendesha basi la watoto, jibu langu ni hapana, hata wiki moja, hata kama namhurumia. Kumwondoa kazini kunaweza kuwa ndiyo asubuhi yake.

Sasa jambo ambalo nataka kila nyumba ilisikie, hasa sisi watu wa maombi. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla, mwili unaweza kumgeuka. Katika siku 2 au 3 za kwanza anaweza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kuona vitu visivyokuwepo, kupoteza fahamu, kuanguka na kutupa mikono na miguu kama mwenye kifafa. Wengine hufa. Ukiona hivyo usiseme moja kwa moja ni pepo, ukamfungia chumbani na kufunga siku 3 bila maji. Mpeleke kituo cha afya, na wakikutuma hospitali ya rufaa Kajiado, nenda usiku huo huo. Ziko dawa za kumvusha siku hizo. Tutaomba, na tutaombea kando ya kitanda cha hospitali. Luka alikuwa tabibu na Paulo hakumfukuza. Mimi naamini Yesu anafungua waliofungwa, nimeona kwa macho yangu. Naamini pia daktari anayeamka usiku ni jibu la maombi ya mama fulani.

Na pesa. Nisamehe, ni taaluma yangu. Mtu akifutwa kazi huwa kuna malipo ya mwisho: siku alizofanya, likizo ambayo hakuchukua, pengine akiba ya ushirika. Pesa hizo zikiingia kwa simu ya mtu ambaye bado anakunywa, zitaisha kabla ya mwezi, na marafiki watakuwa wengi sana wiki hiyo. Kaeni chini, yeye na mkewe na mzee mmoja anayemheshimu, akiwa hajanywa, mkubaliane karo na kodi zilipwe siku hiyo hiyo. Yule ndugu wa mpira wa wavu alikubali mwenyewe kukabidhi kadi ya benki kwa mkewe. Aliandika kwa mkono wake. Anasema ndiyo barua iliyomsaidia kuliko zote alizowahi kuandika.

Je, baadaye? Kanisa linajua kumpokea mtu aliyeokoka jana. Hatujui sana kumpokea kwa mwezi wa nne, wakati ushuhuda umepoa na hana kazi. Paulo na Barnaba walikosana vikali juu ya Yohana Marko, kwa sababu aliwaacha katikati ya safari. Kosa lake halikuwa pombe, lakini alikuwa mtu aliyeshindwa kazini. Paulo akasema hapana, Barnaba akamchukua akaenda naye Kipro. Miaka baadaye Paulo mwenyewe anamwandikia Timotheo amlete Marko, anamfaa kwa huduma. Mnapenda kumlaumu Paulo hapo, mimi simlaumu. Alikuwa na safari ya hatari. Lakini namshukuru Mungu kulikuwa na Barnaba.

Sarkisian naye alipata wake. Mwaka 2016, baada ya matibabu, kocha Nick Saban wa Alabama alimpa kazi ya kuchambua michezo. Mtu aliyekuwa kocha mkuu sasa anakaa ofisini anatazama kanda za mechi. Kwa kanuni za wakati huo, mwenye kazi hiyo hakuruhusiwa hata kuwafundisha wachezaji uwanjani. Alikubali. Polepole akapandishwa, na Januari 2021 Chuo Kikuu cha Texas kikamfanya kocha mkuu. Kutoka kufutwa hadi hapo ni zaidi ya miaka 5. Msamaha tunampa mtu leo, lakini funguo hazirudi zote leo. Ndugu akirudi, usimpe mfuko wa sadaka wiki ya kwanza ili kuonyesha upendo. Mpe kazi ndogo ya kweli, yenye saa ya kufika. Yule ndugu yetu sasa anapanga viti saa kumi na mbili na nusu asubuhi kila Jumapili, na alichagua saa hiyo mwenyewe. Jumamosi huwafundisha vijana wetu mpira wa wavu, akiwa na mzee mmoja pembeni. Wazazi wanajua, kwa sababu aliwaambia kwa mdomo wake kabla hatujaanza.

Kwa watakaohitaji: laini ya NACADA ni 1192, haitozwi pesa, na unaweza kupiga hata kama anayekunywa ni mume, mke ama mtoto wako. Wanaume tutakutana Jumatano baada ya maombi. Akina mama mtaarifiwe na viongozi wenu, na kikao chenu hakina mwanaume ndani, hata mimi. Mwenye jambo la faragha anikute ofisini kuanzia saa mbili asubuhi. Kama unakuja na mtu aliyekunywa jana, mletee uji anywe kwanza, kisha mwingie.